Boneti Baridi

Wifi Anyesi, umeniuliza gari nilinunua wapi.
Swali lako lina haraka ya hela iliyo kwapani.
Kaa kwanza. Kunywa chai.
Mimi nilizunguka Mbeya wiki mbili,
kadi ya benki nimeishonea ndani ya sweta la marehemu mama:
viazi vya misimu mitano vimo humo, na mkopo wa saccos.
Ningeweza kuapa inanuka udongo wa Isyonje.

Yadi ya kwanza, pale Mafiati, bendera zinapepea
kama kuna harusi. Kijana akaniita mama, akaniita shangazi,
akaniita bosi, yote kabla sijakifikia kiti.
Soda ikaja na mrija.
Nikamuuliza habari za klachi, akanijibu habari za redio.
Nikamuuliza imetembea kilomita ngapi.
"Bosi, hii aliendesha daktari, tena mwanamke,
kanisani na kurudi."
Sikucheka. Nikaweka kiganja juu ya boneti.
Ilikuwa saa moja asubuhi, Juni,
ukungu bado umeulalia Loleza,
mbwa wanatoa moshi mdomoni,
na boneti ile ina joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Wifi, injini inayoamshwa kabla ya mgeni kufika
ina kikohozi wasichotaka akisikie.
Nilimaliza soda, maana soda haina kosa.

Ndipo nikabadili akili.
Nikahamia Uyole, kwa mama Tusekile muuza supu,
kibanda kinachotazamana na yadi ya Asajile Mwansasu,
haina bendera, ina magari saba na mbuzi mmoja.
Siku tatu nilikula makongoro.
Wanaoingia kununua sikuwajali,
kila mnunuzi hupokelewa kama bwana harusi;
niliwatazama wanaorudi.

Siku ya pili alirudi mwalimu mmoja wa Igurusi,
amefura, anaupiga teke mlango wa Noa yake mwenyewe.
Nikasukuma bakuli pembeni.
Asajile hakuingia ndani. Hakusema fundi hayupo.
Alivua koti, akajilaza chini ya gari, kwenye tope,
miguu ikabaki nje kama ya mtoto aliyejificha vibaya.
Alipotoka alisema neno ambalo sikulisikia.
Mwalimu akashusha mabega.
Hilo ndilo nililonunua, Anyesi. Gari lilikuja baadaye.

Nilipoingia sikupewa soda.
Nikachagua Kenta ya bluu; akatikisa kichwa.
"Hiyo ni ya Usangu, ya tambarare. Mlima wako utaililiza.
Ile nyeupe ina sura mbaya. Ina kutu hapa, na hapa,
na kioo hiki kinapanda ukikisaidia kwa mkono.
Ila usiiwashe leo. Njoo kesho saa kumi na mbili,
uikute imelala na baridi."
Nikaja. Boneti ina umande mzito,
nikaandika herufi ya jina langu kwa kidole.
Ikakohoa mara moja, ikakubali.

Sikudanganyi, haikuja malaika.
Hata miezi miwili haijaisha, kule mlimani,
magunia arobaini mgongoni, Jumapili, mvua,
rediata ikafoka kama uji.
Nikapiga simu nimekwisha kuandaa matusi,
ya Kinyakyusa, ya Kisafwa, na machache ya akiba ya Kibena.
Iliita mara mbili.
"Usifungue mfuniko, utaungua. Uko kona ipi?"
Akaja kwa bodaboda, suti ya kanisani na gambuti,
mpira wa rediata shingoni kama skafu.
Mpira nililipa. Ufundi alikataa.
Matusi nilirudi nayo nyumbani, mengine ninayo hadi leo.

Basi bei usiniulize, wala rangi.
Nenda kale supu siku tatu.
Halafu amka mapema, uwawahi,
na usivae glavu.