Faini Iandike

Ardith wa maktaba,
nakurudishia vitabu sita kati ya saba, nimechelewa siku nne,
faini iandike, nitalipa Ijumaa.
Ila kwanza nisikilize, maana nimevisoma
katikati ya vipindi vya mchezo,
nimeketi juu ya ndoo chumba cha mitambo,
mashine yangu ya barafu ikichuruzika maji
kama ng'ombe aliyetoka mtoni.

Hiki cha kwanza, mchezaji wa hoki.
Kifua cha kuchongwa, meno yote yapo,
na eti ananukia msonobari na mvua.
Msonobari!
Miaka kumi na tisa nalainisha barafu ya mji huu,
glavu za vijana hao naziokota kwa koleo.
Ananukia soksi, Ardith.
Ananukia kitunguu kilichosahauliwa garini.
Mwandishi huyu hajapata kufungua
mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.
Hata hivyo nilikesha nacho hadi saa tisa,
sitakudanganya.

Bilionea: huyu ni wa tatu mwezi huu.
Ana ndege, ana kisiwa, ana huzuni ya utotoni,
na sisi huku Saskachewani tunakopa mbegu kila Machi.
Wanapendana vizuri tu mpaka ukurasa wa tisini,
mara bibiye anaona nusu ya ujumbe kwenye simu,
anatimua mbio.
Kurasa mia na arobaini za machozi
ambazo swali moja lingezikausha:
huyu Bianka ni nani?
Ni dada yake. Siku zote ni dada yake.

Penzi ni kikohozi, halifichiki, ndivyo tuambiwavyo.
Humu watu wanakohoa sura ishirini nzima
na hakuna anayeshtuka.

Cha keki na mauaji sina ugomvi nacho.
Kijiji cha watu mia tatu, maiti sita,
na foleni ya keki za ndimu haipungui!
Mwokaji anafumbua kesi kabla unga haujaumuka,
polisi kazi yake kutafuna.
Mwenye akili humo ni paka.
Cha tano kikifika, niwekee.

Kile cha jalada la zambarau
ulichoniapia kitanibadilisha maisha
kimenibadilisha usingizi.
Kila mtu ndani yake ana ulimi wa asali,
hakuna hata mmoja anayesema "sijui".

Lakini hiki chembamba, ulikuwa umekificha wapi?
Mwanamume aliyefiwa na mke,
na mwanamke anayempigia hesabu za ghala la ngano.
Hawabusiani hadi ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.
Ila kila jioni ya baridi kali
huyo bwana anatoka nje bila kofia,
anachomeka waya wa kupasha injini ya gari la mama yule
ili wakati wa kuondoka lisigome.
Hasemi kitu. Mwandishi naye hasemi.
Anaandika tu kwamba waya ulikuwa wa rangi ya chungwa
na ulilala thelujini.

Nilipitiliza dakika tatu nikizunguka pale pale,
barafu ikafanya ziwa katikati,
refa akapiga kipenga, vijana wakaulizana
Bi. Verna leo ana nini.

Lorne wangu hasomi.
Riwaya kwake ni pamba za sukari.
Usiku ule, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
nilishuka garini na taa sikuzima, nikatazama:
waya umetandazwa hadi pale ninapoegesha,
ncha yake imevikwa mfuko wa mkate
isiingie theluji.
Majira ya baridi ishirini na sita umekuwa hapo.
Sikuwahi kuupigia mstari.

Basi hiki sikirudishi. Andika kimepotea,
bei yake nitaleta pamoja na faini.

Na yule wa hoki, Ardith,
yule wa msonobari,
ana sehemu ya pili?