Alama Hazisomeki

Jumatano ya Majivu, saa tisa alasiri, stendi ya Ndanda.
Mwavuli wa kampuni umepauka, rangi yake imebaki siri;
chini yake meza, stuli mbili, kadi za simu kwenye kopo la maziwa,
na kile kijimashine cha kusoma vidole,
kidogo kama kiberiti, kikali kama mwalimu wa zamu.

Mama Otilia Nanguka akaketi, akatua kikapu.
Jivu la asubuhi lilikuwa bado pajini, limechuruzika na jasho
hata msalaba umeota mizizi hadi kwenye nyusi.
"Nisajilie, mwanangu. Hela ya kubangua
siku hizi hawatoi mkononi, wanatuma."

Gumba la kulia. Kikakataa.
Cha shahada. Kikakataa.
Bonyeza polepole, mama. Bonyeza kwa nguvu.
Pumua kwanza. Lete kushoto.
Vyote kumi, na maandishi mekundu yale yale:
alama hazisomeki.

Nikavigeuza vidole vyake kwenye mwanga.
Laini, kama shanga za rozari iliyorithiwa mara mbili.
Miaka ishirini na mitatu ya korosho,
mafuta ya ganda yakila ngozi,
na jivu la jikoni akijipaka viganjani kupunguza ukali.
Kumbe jivu na yeye wamezoeana zamani,
si habari ya leo.

Mimi nilisoma falsafa miaka miwili kabla ya kuvua kanzu.
Fasili ya mtu tulipewa kwa Kilatini;
niliikariri nikitembea kati ya migomba ya seminari,
nikapata alama tisini na moja.
Alama zangu zilisomeka.

Sasa dunia ina fasili yake, fupi zaidi:
mtu ni yule ambaye kioo kimemkubali.
Siwezi kuitukana, inanilipa mia tano kwa kichwa.
Vijana huja hapa, hubonyeza mara moja, huondoka ni watu,
na kabla hawajavuka barabara wameshajipiga picha,
wanahesabu wamependwa na wangapi.

"Usihangaike," akasema, akacheka hadi kitenge kikalegea.
"Asubuhi Padri Plasidi kaniambia mimi ni mavumbi.
Mashine yako imechelewa tu kupata habari."

Nikacheka naye. Kisha kicheko kikanikwama,
maana nalijua daftari moja la jumuiya, jalada limeliwa na mchwa,
ndani kalamu ya bluu:
Ada ya mseminari wetu. Otilia, kilo mbili, zilizobanguliwa.
Otilia, kilo moja na nusu.
Otilia, kilo tatu, za Pasaka.
Nililisoma wiki niliyorudi na sanduku langu.
Hakuna aliyenidai.
Kwa hiyo baadhi ya mistari ya vidole vile
imo ndani ya Kilatini changu.

Tuliwahi kuulizwa kwenye mtihani:
Mtu ajulikanaye na Mungu peke yake, je, anajulikana? Jadili.
Nilijadili kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri.
Leo ningeomba muda wa nyongeza.

Nikamwandikia kwenye karatasi: Jumatatu, ofisi ya Masasi,
aje na kitambulisho na barua ya mtendaji.
Nauli atatoa wapi, sikuuliza.
Akainuka, akajifuta jasho la pajini kwa gumba,
akabonyeza tena, kwa utani tu,
kama abishaye hodi kwenye nyumba ambayo
anajua wenyewe wamesafiri.
Nyekundu.
Akaenda zake na kikapu.

Kiooni pamebaki doa la jivu, halina mstari hata mmoja.
Kitambaa ninacho mkononi.
Mimi sikwenda misa leo.

"Bro, mtandao upo?" kijana wa nyuma yake ameshakaa,
kidole amekitanguliza.

"Upo," nikamjibu. "Subiri kidogo."