Viazi vya Zamu ya Usiku

Hospitali ya Ibra, saa nane za usiku.
Atrakta anamenya viazi jikoni mwa wadi.
Sisi wa Kiswahili tulimwita Trekta,
kwa jina lake na kwa mwendo wake;
alijua, na akiitika.

Ganda lilitoka jembamba kama karatasi ya sigara.
"Ningemenya nene, bibi angenizaba kofi."
Kisha, bila kuulizwa, akaanza.

Shamba lililala kijani, likaamka jeusi.
Harufu ilifika kabla ya habari.
Watu walikula nyasi, wakafa na midomo ya kijani,
na bandarini, wiki ile ile,
shayiri ikapakiwa, siagi ikapakiwa,
ng'ombe wakapandishwa melini, haoo, Uingereza.
"Ugonjwa ulikula kiazi," akasema.
"Njaa ilitoka kwenye daftari la mwenye ardhi."

Aliyepata nauli akaenda Amerika.
Usiku wa mwisho walimwekea matanga
yu hai, kitini, viatu miguuni;
mama anamlilia kama maiti,
majirani wanakula, wanacheza, wanalia tena.
Kukicha wanamsindikiza hadi darajani. Basi.

Nami nikamwambia la kwetu:
falaji hii ipitayo nyuma ya ukuta
iliwahi kukauka miaka sita,
mitende ikafa wima.
Babu yangu Muhenna alikuwa na nusu saa ya maji
kila siku ya nane. Akaiuza.
Wengine huuza ardhi, yeye aliuza muda.
Matanga hakuwekewa;
aliaga anakwenda soko la Sur, akatokea Pemba.

Trekta akaweka kisu chini.
"Na huko Pemba akawa nani?"

Mate yakanikauka.
Maana babu alipata mikarafuu, mia tatu, kisha mia nane,
na babu naye alikuwa na daftari.
Jalada jekundu, naliona mpaka leo:
majina ya wachumaji, pishi zao,
deni la mchele, deni la kanga, deni la sanda.
Ukame alioukimbia
aliufunga kibindoni, akaufungulia kwa watu.

Mwaka wa sitini na nne tukatolewa,
mimi na miaka tisa,
tukaletwa "nyumbani" nisikokujua.
Hilo nimezoea kulisimulia kwanza.
Usiku ule nililisimulia mwisho.

Hakusema pole. Hakusema lolote.
Alinipa kiazi na chumvi kiganjani,
maganda akayafunga kwenye gazeti
akampelekee mbuzi wa jirani.
Hatupi kitu, Trekta.