Zunguka Nyumba

Ishara ilikuwa inafika mapema mno.
Haikuwa na kosa la uvivu, ila kiherehere:
ilikanyaga kizingiti mwenziwe hajatoka,
ikamfuta, na chipu nzima ikasoma uongo.

Nikafanya wafanyavyo wengi. Nikaipangia foleni:
vigeuzi mia mbili themanini na vinane, bega kwa bega,
kila kimoja kikiambiwa ndiyo kinajibu siyo,
kikiambiwa siyo kinajibu ndiyo,
hadi neno litokee upande wa pili
limechelewa nanosekunde kumi na tatu.
Nikalala nimeridhika.

Asubuhi Semhando kaniandikia toka Dar, maneno saba:
"Mwanakheri, saketi yako imenenepa. Na inakula umeme."

Kula umeme. Mimi wa kuambiwa hilo?
Mimi niliyekulia Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kwa mama anunuaye LUKU ya elfu mbili
akaikodolea mita kuliko anavyokodolea sufuria?
Taa ya uani ikiwaka na uani hamna mtu
aliuliza, kwa sauti ya majirani kusikia:
"Nani humu kaolewa na TANESCO?"

Na unene nao naujua, kwa kuukosa.
Vyumba viwili, pazia katikati, cherehani mlangoni.
Bi Mwajabu wa upatu akija kudai
hatukuwa na ukumbi mrefu wa kunipoteza.
Mama alinishika bega:
"Zunguka nyumba mara tisa, ndipo uingie."

Nikazunguka. Ukuta uleule,
beseni lilelile, dirisha lenye wavu uliotoboka,
baiskeli ya mpangaji isiyo na mnyororo,
tena ukuta, tena beseni.
Nikiingia, deni limeshasemwa,
Bi Mwajabu anapuliza chai.

Ukumbi mrefu wa nini, mwenye kiwanja kidogo?

Nikaibomoa foleni.
Nikabakiza vigeuzi arobaini na kimoja,
witiri, maana shufwa ikijifunga duara
hukubaliana yenyewe kwa yenyewe ikanyamaza.
Nikaufunga mwisho kwenye mwanzo,
nikaweka kihesabio mlangoni
na geti la kuzima duara likikosa mgeni.
Mizunguko saba, kisha pita.

Eneo likabaki robo.
Umeme wa kutembea, sitadanganya, haukupungua,
hatua ni zilezile, na kihesabio nacho kina mdomo.
Uliopungua ni ule unaovuja kimyakimya
pale mia mbili na ushei wanapokesha bila kazi.
Taa ya uani, mama. Nimeizima.

"Kazi yako hasa ni ipi?" aliniuliza Ijumaa,
akitunga uzi, miwani puani.
"Nachelewesha."
"Wanakulipa uchelewe? Mjini kwetu, waja leo warudi leo?"
Akacheka hadi sindano ikamponyoka.

Sikumwambia kwamba bado ilinishinda.
Silikoni ikipoa, vigeuzi hukimbia;
kwenye majaribio ya baridi kali mizunguko saba haikutosha,
ishara ikafika tena na kiherehere chake,
ikamkuta mwenziwe mlangoni.

Nikamuuliza, basi tu, kwa kuchoka:
"Ile ya Bi Mwajabu. Kwa nini mara tisa?"

Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.
"Saba za kumsihi," akasema.
"Mbili za kufuta uso,
usije ukaingia ukanikuta."

Nje mtu alipiga kengele ya baiskeli, akapita.
Mama akaachia gurudumu.

Nikarudi kwenye saketi usiku ule.
Kwenye kihesabio nikafuta saba, nikaandika tisa.
Haikuongezeka nafasi hata ya unywele.