Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Daftari lilikuwa kwenye kisanduku cha mbele,
chini ya miwani yenye mkono mmoja,
jalada limekunywa oili hadi likawa laini kama ngozi.
Ukurasa wa kwanza, herufi kubwa za baba:
DIZELI. LITA MOJA NUKTA TISA. SILINDA NNE.
TABO. FARASI TISINI.
OILI LITA NNE NA NUSU, USIZIDISHE.
MKANDA WA TAIMINGI KILA KILOMITA ELFU TISINI
HATA UKIONEKANA MZIMA.
Mstari huo kaupigia mistari miwili.

Tisini tu! Travnik nzima ilimcheka.
Rasim wa ghorofa ya tatu alikuwa na petroli ya farasi mia na hamsini,
inanguruma kama ina kesi na mtu.
Baba alijibu: wangu wachache,
ila wanavuta pamoja, na wanavuta mapema;
mizunguko elfu moja na mia tisa, tayari wameinamisha vichwa.
Na kweli, Vlašić tuliipanda kwa gia ya nne,
watu watano na magunia mawili ya viazi,
tukashuka na jibini.

Januari, kipimo kikisoma hasi kumi na nane,
aligeuza ufunguo nusu, akangoja taa ya njano izimike.
"Dizeli haina cheche, Senada. Huwaka kwa kubanwa.
Ipe joto kwanza, ndipo uidai kazi."

Lakini jengo zima lilimjua kwa zile dakika mbili.
Akifika, hakuzima.
Aliketi gizani, mikono juu ya usukani,
injini inanong'ona,
nasi dirishani, supu inapoa,
mama anasema: mwacheni.
Nilidhani hataki kupanda ngazi. Hataki sisi.
Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa:
tabo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika,
oili ndiyo huibeba, oili ndiyo huipoza;
ukizima ghafla oili husimama
na chuma bado kinakimbia ndani ya moto.
Oili huungua palepale ilipo.
Masizi yake ndiyo huua beringi.

214,000: oili, filta. Nozeli ya tatu inavuja, nimeweka washa mpya ya shaba.
231,000: moshi mweusi mlimani. Mpira wa hewa umepasuka.
235,000: mkanda, pampu ya maji.
Nimeona mpya wote wawili. Hivi ndivyo nalala usingizi.
Kisha 268,000.
Kisha 291,000.
Katikati, hakuna neno.

Nilipiga hesabu jikoni, kwa kalamu yake.
Travnik hadi hospitali ya Sarajevo, kilomita tisini.
Kwenda na kurudi, mia na themanini.
Mara mia moja ishirini na saba,
Machi hadi Novemba.
Na chini yake, herufi ndogo kuliko zote:
oili nyeusi kama lami. Nisamehe.

Baada ya hapo dakika mbili zikawa ishirini.
Dirishani hapakuwa na mtu.

Leo 412,000. Amekuja kijana wa Zenica, Nedim,
amelala chini ya gari akiwa na koti lake zuri.
Inakula oili? Nusu lita kila elfu tano, sifichi.
Mkanda? Wa mwisho 325,000. Umebakiwa na elfu tatu.
Unaonekana mzima, akasema.
Nikacheka peke yangu.

Marka elfu moja na mia tisa, pamoja na daftari.
Bila daftari anapunguza mia tatu.
Nikamwachia mia tatu.
Nimemnakilia ukurasa wa kwanza tu, kwa mkono,
pamoja na mistari miwili.

Tulipoijaribu tulipanda hadi juu, tukarudi mbio.
Akapeleka mkono kwenye ufunguo.
Nikaushika.
"Tunangoja nini?" akauliza.
Feni inazunguka.
Juu, kwenye dirisha letu,
wapangaji wapya wametundika mapazia ya kijani.
"Oili," nikamwambia.