Kaskazini mwa Nani

Barua imerudi mara ya tatu.
Bahasha ya samawati, kona zimelegea,
mwandiko wa kizee, wino umelia kwa mvua:
Bi. Hepzibah Throssell, Norton.
Basi. Hakuna mkoa, hakuna namba ya nyumba.

Norton ipi, mama?
Ninazo tele humu visandukuni:
Norton ya chokaa, Norton ya makaa ya mawe,
Norton ya kanisa moja na baa mbili,
kila moja ikiapa kuwa ndiyo yenyewe,
nyingine wajina tu.

Clem Addyman, mwenzangu wa zamu ya usiku,
aliyesoma mpaka akachoka kusoma,
ananiambia: mwanzo wake ni kaskazini,
mwisho wake ni shamba lenye ua.
Shamba la kaskazini, hakuna zaidi.
Hilo si jina, ni kidole kilichonyooshwa.

Nikacheka, kicheko kikanikwama.
Maana nani aliwahi kuamka alfajiri,
akakama ng'ombe wake kwenye umande,
akasema: mimi naishi kaskazini?
Kwako ni kwako. Kwako ndiko hapa.
Lazima alikuwepo jirani, chini bondeni,
aliyefuta tope mikononi akamwelekeza mgeni:
Kule. La kaskazini.
Na akigeuka: Lile pale la kusini. Sutton.
Wenyewe wakazoea kuitwa,
kama mtu anavyozoea jina la utani
hata likachongwa kwenye kaburi lake.

Ila yule wa katikati, mwenye kidole,
alikwenda wapi?
Clem anasema pengine utakuta matuta tu chini ya nyasi,
kondoo wamelala palipokuwa mlango.
Kitovu kimeoza,
pande zake bado zinaitwa pande.

Nageuza bahasha. Nyuma, kwa herufi za kubanana:
R. Throssell, Sutton.
Lo! Hata wewe.
Pa kuipeleka sipajui, pa kuirudisha sipajui.
Ni ndugu? Ni mume aliyeondoka kwa hasira
akaishia upande wa pili wa kitu
ambacho wote wawili hawakikumbuki?

Saa tisa usiku. Taa inalia kama mbu.
Nimesimama kati ya visanduku, mkono hewani.
Naandika kwa penseli: Jaribu ya makaa.
Clem anauliza, sukari vijiko vingapi.