Kilo Themanini na Moja

Barua ilikuwa na mistari sita. Niliihesabu
kabla sijaisoma, kama nihesabuvyo magunia
yakishuka kwenye fuso, kwa mazoea tu.
"Shauri lako lililopo barazani
linaleta sintofahamu miongoni mwa wanachama."
Sintofahamu. Neno zuri, limepigwa pasi.
Chini yake muhuri wa zambarau
na saini ya meneja Mkwela, ambaye tangu asubuhi
alizungumza nami huku akitazama mlango.

Miaka tisa kwenye ghala hili la Newala.
Vumbi la korosho najua linavyokaa kooni,
gunia lenye mchanga nalijua kwa mlio likibwagwa,
namjua na yule anayelowesha mzigo usiku
ili uzito uamke naye asubuhi.
Kangomba sikuigusa: sikununua kwa bakuli
korosho changa ya mjane mwenye njaa.

Kesi yangu ilikuwa kule, kazi yangu huku.
Katikati pana soko, msikiti, na bomba
linalotoa upepo siku nne kwa wiki.
Nilidhani umbali huo unatosha.

Baba alipanda mikorosho sitini na mitatu
pale Chilangala. Kamba ya kupimia nilimshikia mimi,
nikiwa na miaka saba, jua la utosi.
Alipokufa, wapwa zake walikuja na desturi mkononi:
mjomba ni wetu na kivuli chake ni chetu,
wewe wa kuzaliwa nenda kwa wajomba zako.
Wajomba zangu wamekwisha, wote wako chini.
Nikafungua shauri.
Ruhusa niliomba mara saba,
mara tano tukaambiwa rudini mwezi ujao.

Mbele yao alisimama Chinduli,
tuliyekula naye ming'oko sufuria moja,
na ambaye, kwa bahati yangu, ni mwanachama
namba mia moja na kumi na nne.

Siku moja kabla ya barua
alileta magunia yake. Korosho za miti ile;
nilizijua kama mtu anavyojua kikohozi cha nyumbani.
Wapagazi walisimama na mizigo mabegani,
wanangoja nikosee.
Mizani ikatikisika, ikatikisika, ikatulia.
Themanini na moja.
Nikaandika themanini na moja,
nikaitamka kwa sauti hadi mlangoni wasikie.
Akaweka sahihi. Akapita moja kwa moja kwa meneja
kusema hana imani na mkono wangu.

Juzi shauri limeitwa tena. Nilikwenda kwa miguu.
Wakili wangu hakuja; mshahara ndio uliokuwa unamleta.
Karani akauliza yale yale.
Jina? Somoe Nalinga.
Umri? Arobaini na mbili.
Dini? Mwislamu.
Kazi?

Siku zote nilijibu kabla hajamaliza neno.
Safari hii kalamu yake ilining'inia hewani,
nikauona wino umevimba nchani.
Mkulima, nikasema.
Akainuka wakili wao, mtanashati, tai nyekundu:
Mheshimiwa, mkulima wa shamba lipi?

Watu wakacheka. Chinduli naye alicheka,
halafu akaacha, akatazama viatu vyake.
Mwenyekiti akagonga meza: andika.
Karani akaandika. Sikuona alichoandika.

Tumepewa tarehe nyingine, Novemba,
msimu ukiwa katikati, ghala limefurika,
mabibo yananuka mji mzima
na mizani haipoi.
Angalau sitaomba ruhusa.